Mganda Uliokuja na Unga Wake

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa filimbi. Afisa Utamaduni wa Mkoa, ambaye ofisi nzima tulimwita Bwana Mkubwa, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akaniuliza kama sauti yangu inafika mbali. Nikamjibu kwamba parokiani nilikuwa kiongozi wa kwaya.

"Vizuri," akasema. "Basi jioni uko uwanjani. Kuna mgeni wa kitaifa anapokelewa. Ngoma ikizidisha muda, puliza. Ikigoma kunyamaza, puliza tena. Kazi ya utamaduni, binti yangu, ni kujua lini ianze na lini iishe."

Jioni ile nilipuliza mpaka mashavu yakauma. Kikundi kimoja cha lizombe, ngoma ya Wangoni, hakikunijali hata kidogo, na mgeni wa kitaifa akacheka. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikaapa kwamba kazi hii nitaiweza.

Ilikuwa ndiyo kwanza miaka ya ruksa inaanza. Nikiwatajia vijana wa hapa Ruhuwiko miaka hiyo wananikodolea macho, kwa hiyo nieleze. Ni ile miaka serikali ilipoacha kushika kila kitu mkononi mwake. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi, kuleta mitumba, kufungua maduka yenye sabuni za kuchagua. Kila kitu kikawa ruksa. Sisi wa ofisi ya utamaduni hatukuambiwa kama na ngoma nazo zimeruhusiwa, kwa hiyo tuliendelea kuzishika.

Tulizishika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kibali: kikundi hakikucheza hadharani bila ruhusa yetu. Ya pili ni ukaguzi, yaani kwenda kijijini kutazama kikundi kabla ya mashindano, kuangalia mavazi, vifaa na mpangilio, kisha kukipa alama. Alama kubwa kuliko zote ilikuwa ya uhalisia. Maana yake ni kwamba ngoma iwe vilevile ilivyokuwa. Ilivyokuwa lini, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikagua kwa miaka kadhaa bila kuuliza, na nilikuwa mkali. Nimewahi kukinyima kikundi alama kwa sababu mchezaji alivaa saa ya mkononi.

Bwana Mkubwa alitoka Tanga. Wapo waliomcheka kwamba mtu wa pwani anakuja kuwafundisha Wangoni ngoma zao, lakini sijapata kuona mtu aliyezipenda kama yeye. Alitembea na redio kaseti begani akirekodi nyimbo za wazee, na akisikia wimbo ambao hajawahi kuusikia alifumba macho. Nasema haya mapema ili mtakaposikia tulivyogombana msimwone mtu mbaya. Alikuwa mlinzi, na mlinzi hulala na rungu.

Ngoma aliyoipenda kupita zote ni mganda. Kwa asiyeujua, mganda huchezwa na wanaume waliojipanga mistari kama askari wa gwaride, kaptura nyeupe, soksi ndefu, wakipuliza vibuyu vilivyobandikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Kila kikundi kina vyeo vyake. Kingi ndiye mkubwa na ndiye mtunza ngoma kubwa. Kapteni ndiye anayeongoza mistari. Na mganda hauchezwi peke yake. Kijiji kinaalika kijiji kingine, wageni wanakuja, wanashindana kwa siku mbili, na mwenyeji anawalaza na kuwalisha ugali na nyama mpaka wanapofunga safari. Mwaka unaofuata aliyelishwa naye analisha. Kijiji kilichowahi kulisha wageni vibaya kilitungiwa nyimbo, na nyimbo hizo zilikitesa kwa miaka.

Sasa mganda ukaanza kunyamaza. Mwaka hadi mwaka vikundi vilivyokuja kwenye mashindano pale mjini vilipungua. Bwana Mkubwa alijua sababu, au alidhani anaijua.

"Disko," alisema kwenye kikao. "Disko na hizi video. Vijana wamelishwa takataka. Tutakwenda shuleni kuwaelimisha."

Tukaenda. Nilihutubia shule nyingi juu ya ubaya wa disko, na wanafunzi walinipigia makofi kwa adabu, kisha Jumamosi nikawaona wamepanga foleni kwenye banda la video.

Ndipo alipoletwa Temba. Alikuwa afisa mipango, kijana wa Kilimanjaro, mrefu, mpole, asiyependa kusalimiana asubuhi mpaka amalize chai. Katibu Tawala alimtuma azunguke idara moja baada ya nyingine kuona ipi ina kazi na ipi haina, maana zilikuwa zama za kupunguza wafanyakazi. Tulimwogopa. Tulimwekea chai, tukamwekea na mihogo ya kuchemsha. Alikula mihogo yote, kisha akauliza, "Kwa nini mganda umekufa?"

"Disko," nikamjibu bila kufikiri.

"Disko liko wapi?"

"Hapa mjini."

"Na mganda umekufa wapi?"

Nikataka kujibu, nikajikuta sijui. Nilijua umekufa, hapa na pale niliweza kutaja, lakini sikuwahi kukaa nikafikiria ni wapi hasa. Nilimchukia siku ile, nawaambieni wazi.

Wiki nzima Temba alizunguka na mimi vijijini, kwa baiskeli, kwa malori ya mahindi, kwa miguu. Hakutazama ngoma. Aliuliza tu: mara ya mwisho mlialikwa na nani, mkalala wapi, mkala nini. Wazee walidhani ni mtu wa kodi. Tuliporudi ofisini akafuta meza, akamwomba mhudumu punje za mahindi na maharage. Kila kijiji ambacho mganda bado unalia akakiwekea punje ya hindi, na kila kilichonyamaza akakiwekea haragwe, kila kimoja mahali pake kama ramani. Kibiriti kikawa Songea mjini.

Bwana Mkubwa akaingia. "Hee! Mnapika kande ofisini?"

"Tazama, mzee," Temba akasema. "Disko liko hapa kwenye kibiriti. Lakini mahindi ndiyo yanayolizunguka. Kama disko lingekuwa linaua mganda, hapa karibu ndipo pangejaa maharage."

Bwana Mkubwa akavaa miwani. Kweli, punje za mahindi zilisongamana pale vijiji vilipo jirani jirani. Maharage yalikuwa mbali mbali, kijiji peke yake, msitu, kijiji peke yake.

"Hawa wa karibu," Temba akaendelea, "wanaalikana asubuhi, wanacheza, jua likizama kila mtu anarudi kula kwake. Hawa wa mbali lazima walale. Wakilala lazima walishwe. Zamani kihenge cha kijiji kilikuwa na mahindi mpaka msimu mwingine. Siku hizi mbolea ni ghali, na lori la mfanyabiashara linafika shambani kabla gunia halijafungwa. Mtu ameuza. Hana cha kumlisha mgeni. Haaliki, kwa sababu ataaibika. Asipoalika haalikwi. Mzee, vijana hawajaukataa mganda. Kinachoshindikana ni ugali."

Nilisisimka mwili. Miaka yote ile ya filimbi na alama, na jambo lilikuwa jepesi namna hii! Nikamgeukia Bwana Mkubwa nikitegemea atafurahi. Alikuwa amekunja uso.

"Kwa hiyo unataka kuniambia nini? Kwamba waache kulishana? Kulishana ndio mganda wenyewe."

"Sijasema waache," Temba akajibu. "Nimesema sababu. La kufanya si idara yangu."

Hilo nililiona kwa Temba na kwa wenzake wengi niliokuja kufanya nao kazi. Mchambuzi akishapata sababu, moyo wake unatulia kabisa, utadhani jambo limekwisha. Bwana Mkubwa akapangusa meza kwa mkono, mahindi na maharage yakaingia kwenye kapu la taka, na mambo yangeishia hapo kama nisingekwenda kijiji cha Mpitimbi na kufungua mdomo.

Mpitimbi alikuwapo Bosco Gama, Kapteni wa mganda. Bosco alikuwa mtu wa kuruka kwanza. Ruksa ilipotangazwa, wenzake walisubiri waone. Yeye aliacha tumbaku, akakodi lori, akanunua mahindi na kuyapeleka mbali. Safari ya kwanza alipata faida. Ya pili lori lilikwama kwenye tope, mahindi yakaota ndani ya magunia, akarudi nyumbani kwa miguu akipiga mluzi. Ya tatu akaenda tena. Baba yake alikuwa amefariki, na aliyemlea ni baba yake mdogo, Mzee Luambano, ambaye ndiye aliyekuwa Kingi wa mganda wa pale. Wawili hao walipendana sana na hawakukubaliana jambo lolote.

Nilimsimulia Bosco habari ya punje za mahindi, nikiona ni kichekesho cha ofisini. Hakucheka. Alisimama.

"Kumbe ni ugali tu?"

"Ndivyo anavyosema Temba."

"Basi waje na unga wao!"

"Bosco, huwezi kumwambia mgeni hivyo."

"Kwa nini? Watapigana nami? Mbona hata sasa hawaji!"

Kabla sijarudi mjini alikwisha kutuma mtu kwa wenzao wa kule kusini karibu na mto Ruvuma, ambao zamani walialikana nao kila mwaka na sasa hawakuonana hata njiani. Ujumbe ulikuwa mfupi: njooni mcheze, njooni na unga. Na wale wa mtoni, sijui kwa kiu ya mganda au kwa kutaka kuona kichaa gani ametuma maneno haya, wakajibu kwamba wanakuja.

Lazima mwelewe uzito wa jambo lile. Kwetu, kumwambia mgeni aje na unga ni kumwambia asije. Na mgeni akija na unga wake bila kuambiwa ni sawa na kusema kwamba anaogopa utamtilia kitu kwenye chakula. Kwa hiyo Bosco alifanikiwa kuwatukana wenyeji na wageni kwa ujumbe mmoja. Mzee Luambano alipopata habari aliibeba ngoma kubwa, akaiingiza chumbani kwake, akafunga mlango kwa kufuli. Kisha akamwambia Bosco mbele ya watu: "Siku wageni wale wakitia mguu hapa na vifurushi vyao, usiniite baba tena. Tafuta baba mwingine anayeuza wageni."

Habari zikafika ofisini. Bwana Mkubwa akakataa kutoa kibali. "Hiyo si ngoma, hiyo ni pikiniki," alisema, kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, Perpetua, ndiye uliyepeleka maneno. Ukienda huko Jumamosi, unakwenda kwa miguu yako mwenyewe, siyo kwa ofisi."

"Shikamoo," nikamwambia, maana sikuwa na neno jingine la heshima la kuagia, nikatoka.

Nilikwenda kwa lori la mbao. Temba naye alikuja; alisema anataka kuona. Njiani nilikuwa nafikiri kitu kimoja: kama siku hii ikiharibika, hakuna kijiji kitakachothubutu kualika tena, mganda wa Mpitimbi utakuwa umezikwa kwa mikono yetu, na Bosco atakuwa amempoteza mtu pekee aliyebaki kumwita baba.

Wageni walifika jua likiwa kali. Tuliwaona mbali, mstari mmoja barabarani, soksi nyeupe zimejaa vumbi jekundu, na kila mmoja kichwani ana kiroba. Walikuwa wametembea tangu jana yake. Wenyeji walijipanga uwanjani kuwapokea. Mnajua desturi: mgeni akifika, mwenyeji anakwenda kumpokea mzigo, ndipo salamu zinafuata. Mzigo usipopokelewa, hakuna salamu. Na hapo kila mtu akaganda. Wanawake wa Mpitimbi walisimama bila vigelegele. Kupokea unga ule ni kukiri kwamba hapa hatuna. Kuuacha ni kumkataa mgeni aliyekwisha kufika. Wageni nao hawakuweza kutua mizigo kabla ya kupokewa. Walisimama juani na viroba vyao, jasho likiwatiririka, na Kapteni wao akaanza kutazama barabara aliyotoka.

Temba akaniinamia sikioni. "Hili sikulifikiria," akasema. Uso wake ulikuwa umesawajika.

Bosco alikimbia kwenye mlango wa Mzee Luambano, akagonga. "Baba! Wamefika!" Mlango haukufunguliwa. Akarudi uwanjani, akachukua kibuyu, akapuliza peke yake, sauti nyembamba bila ngoma. Hakuna aliyeitikia. Aliendelea kupuliza. Sijawahi kumhurumia mtu mzima namna ile.

Mimi sikuwa mtu wa kuthubutu kama Bosco wala wa kuchambua kama Temba. Nilikuwa mkaguzi. Lakini mkaguzi anajua desturi moja baada ya nyingine, ndiyo kazi yake, na pale juani nilijikuta najiuliza swali ambalo sijapata kujiuliza: ni wapi sisi tunapokea unga wa mtu bila aibu? Jibu likaja haraka mpaka likanitisha. Msibani. Mtu akifiwa, majirani wanakuja na unga, unamiminwa chombo kimoja, unapikwa, na hakuna anayeuliza huu ni wa nani.

Nikamwendea mke wa Mzee Luambano, Mama Kordula, aliyekuwa mbele ya wanawake wenzake. "Shikamoo, mama. Pokeeni kama msibani."

Akanigeukia kwa hasira. "Msibani? Unatuletea uchuro siku ya ngoma? Nani kafa hapa?"

"Mganda ndio unaokufa, mama," nikasema, na nilisema kwa ile sauti ya kwaya, uwanja mzima ulisikia. "Uko mahututi hapa mbele yetu. Tusipoupokea unga huu leo, kesho hatuna hata cha kuzika."

Watu walinung'unika. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mama Kordula akawatazama wale wanaume waliobeba viroba juani. Kisha akafunga khanga kiunoni, akamwendea Kapteni wa wageni, akapokea kiroba chake kwa mikono miwili, akakimimina kwenye kapu kubwa. Akaingia kwake, akatoka na unga wake mwenyewe, mchache, akaumimina juu. Akakoroga kwa mkono mpaka kwapani. "Haya," akawaambia wenzake. "Huu wa nani?" Hakuna aliyeweza kujua. Basi wanawake wakawavamia wageni kwa vigelegele, viroba vikashuka.

Mlango wa Mzee Luambano ulifunguliwa. Alitoka amevaa kaptura yake nyeupe na kofia ya Kingi, amekumbatia ngoma kubwa, uso umekunjamana.

"Msidhani nimekubali," akasema. "Sijakubali. Lakini wageni wamekwisha kupokelewa. Nikiwaficha ngoma, mwenye aibu ni mimi." Akapita mbele ya Bosco bila kumtazama, akaiweka ngoma katikati ya uwanja.

Siku zile mbili sijui nizisimulieje. Vibuyu vilivuma, mistari ikanyooka, wageni wakaimba nyimbo za kutukana ambazo walikuwa wameziweka miaka mingi wakikosa wa kumwimbia. Tulikula ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani. Nyama haikuwepo, na hakuna aliyeitafuta. Nililia bila kujificha. Temba alicheza. Alicheza vibaya sana, lakini alicheza.

Mzee Luambano hakusema na Bosco siku zile, wala wiki zilizofuata. Kisha mvua za kwanza zilipoanza, akaugua kifua, na kabla ya Noeli akafariki. Maneno yakawaka kijijini: si tulisema, wameleta unga wa msiba kwenye ngoma, msiba umeukuta unga. Bosco hakuwekwa hata kwenye orodha ya wabeba jeneza. Alikaa nyuma ya nyumba siku ya mazishi, ameinamisha kichwa, mtu mwenye makeke yote yale.

Kisha tukasikia vibuyu barabarani. Watu wa mtoni walikuwa wamekuja, wametembea na mvua, kumzika Kingi. Miaka yote ya kutoalikana, hakuna aliyekwenda mazishini kwa mwenzake. Mama Kordula alitoka kuwapokea. Kisha akamtafuta Bosco, akamvuta mkono mpaka mbele, akasema kwa sauti ya kukauka: "Mtoto wa marehemu ni huyu. Mpeni pole." Wapo wanaosema mpaka leo kwamba sisi ndio tuliomuua mzee yule. Siwezi kuwazuia. Mimi nilisikia alilosema Mama Kordula, na linanitosha.

Bwana Mkubwa alisema sifai kupandishwa cheo, na akalisimamia neno lake mpaka alipostaafu. Hata hivyo siku moja kabla hajarudi Tanga aliniita. "Wallahi, Perpetua, ule mganda ulikuwa mzuri?" Nikamwambia ulikuwa mzuri. "Nilijua," akasema. "Ndiyo maana sikuja. Ningekuja, ningecheza, na kesho yake ningeruhusu kila kitu." Tangu hapo sikumchukia tena.

Aliyemfuata alikuwa mama mwenye digrii, mchapakazi, na yeye ndiye aliyenichekesha kuliko wote. Kwa kuwa vijiji vingine vilikwisha kuiga na kualikana upya, aliuingiza upokeaji wa unga katika alama za uhalisia. Ndiyo, uhalisia! Nikatumwa kukagua kama unga unamiminwa inavyopasa. Mwaka mmoja Mpitimbi wenyewe walipoteza alama kwa kutumia ndoo ya plastiki badala ya kapu. Nilitaka kumweleza kwamba siku ya kwanza kapu lilitumika kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, lakini alikuwa na haraka.

Vijana wakiniuliza nimejifunza nini, nawajibu hivi. Aina ile ya Temba huona kwa nini jambo liko lilivyo, na mara nyingi huishia kuona. Aina ya Bosco huruka bila kuona, na anayemfuata huumia naye. Walinzi wa mila mnawacheka sana, lakini kama Mzee Luambano asingejua aibu ya mwenyeji, ngoma isingetoka chumbani siku ile. Tatizo la mlinzi ni kwamba hajui alichokilinda kilianza lini. Akikipokea leo, kesho anaapa kilikuwapo tangu enzi za mababu. Wala msidhani nawasema watu wa ofisini tu.

Maana mwaka jana Bosco alinitumia bodaboda. Sasa yeye ndiye Kingi, ana mvi na tumbo. Alinipokea mkoba, akanikalisha, akaanza bila hata kuniuliza habari za Ruhuwiko.

"Dada Perpetua, nisaidie. Wewe ni mtu wa serikali."

"Nimestaafu, Bosco."

"Hivyohivyo. Hawa wasichana, na mjukuu wangu ndiye kinara, wanataka kucheza mganda. Wameshona kaptura! Nimewaambia mganda ni wa wanaume. Mwanamke kazi yake ni kupokea unga, ndivyo wazee walivyotuachia."

Wasichana walikuwa wamesimama uwanjani, vibuyu mkononi, wananitazama mimi. Na niwaambie ukweli: moyo wangu wote ulisema hapana. Niliona zile kaptura, nikaona magoti ya watoto wa kike, na miaka yote ya ukaguzi ikanipanda kooni. Nilikuwa na jibu tayari, na lilikuwa la Bwana Mkubwa.

Nikalimeza. Nikamgeukia Bosco.

"Wazee gani?" nikamuuliza.

Alitazama kule kwenye migomba lilipo kaburi la baba yake mdogo, akakuna kidevu.

"Basi wacheze," akasema hatimaye, kwa hasira. "Lakini mistari nitaiangalia mimi. Wakipinda mistari sivumilii mtu."

Tukavuta benchi, tukaketi. Sikukipenda nilichokiona. Nilikaa mpaka mwisho.